Namba tatu, programu tatu: kisa cha maktaba iliyonakiliwa badala ya kushirikiwa

Usuli

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilikuwa kinalea programu huria tatu (ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) za kuchora ramani za mitaro ya maji ya mvua katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina la mji, la halmashauri na la watu wote nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Namba za kitaalamu nimeziacha kama zilivyo, kwa sababu ndizo zilizotuponza.

Programu ya kwanza ni ya seva. Inapokea data, inaitunza, inachora ramani za kuchapishwa. Ya pili ni programu-jalizi, yaani nyongeza inayochomekwa ndani ya QGIS, programu huria ya ramani, kwa ajili ya wahandisi wanaofanya kazi kwenye kompyuta. Ya tatu ni ya simu za Android, nao vijana wanaokagua mitaro, kalavati na chemba hutembea nayo mitaani. Ya seva na ya QGIS ziliandikwa kwa lugha ya Python, ya simu kwa lugha ya Java. Kila moja ilikuwa na hazina yake ya msimbo, mahali msimbo na historia yake vinapotunzwa, na mlezi wake. Mimi nililea ya seva.

Kilichozifanya kuwa ndugu ni michoro ya zamani. Michoro mingi ya viwanja na mitaro ya mji ule ilipimwa kwa datumu (msingi wa vipimo vya ramani) ya Arc 1960, ambayo imetumika Kenya na Tanzania kwa miongo mingi. GPS ya simu, kwa upande wake, inatoa koordineti (namba za kutaja mahali) za WGS 84, datumu inayotumika duniani kote. Arc 1960 imejengwa juu ya umbo la dunia lililokadiriwa na Clarke mwaka 1880. WGS 84 ina umbo lake na kitovu chake. Ukizichukua namba za UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita) za Arc 1960 ukazibandika kwenye ramani ya WGS 84 bila kuzigeuza, kwenye ukanda wetu wa pwani kila kitu kinahama kama mita 300 kwenda kaskazini na mita 90 hivi kwenda magharibi.

Hilo tuliligundua mapema, wakati seva ikiwa bado peke yake, maana mtaro mzima ulionekana ukikatiza uwanja wa mpira. Nikaandika faili fupi la kugeuza koordineti. Moyo wa faili lile ulikuwa namba tatu: -160, -6 na -302. Hizo ni mita za kusogeza kitovu cha Arc 1960 kwenye mihimili ya X, Y na Z mpaka kikutane na kitovu cha WGS 84. Ni wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja, na ndizo namba utakazozikuta kila mahali ukitafuta haraka. Ipo seti nyingine iliyokokotolewa kwa Tanzania peke yake: -175, -23 na -303. Wakati ule sikuijua.

Nakala zilivyozaliwa

Mwenzangu alipoanza programu-jalizi ya QGIS alinakili folda yangu nzima. Alinipigia simu kunijulisha, nami nikafurahi; ndivyo programu huria inavyotakiwa kuishi, mtu achukue kilichopo ajenge juu yake. Dada aliyeandika programu ya simu hakuweza kunakili moja kwa moja kwa kuwa yeye anatumia Java, hivyo akakaa na faili langu akalihamisha mstari kwa mstari. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Sasa tulikuwa na nakala tatu za uamuzi mmoja, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba uamuzi huo ni mmoja.

Baadaye kijana mmoja mpima ardhi, aliyekuwa anajitolea jioni baada ya kazi, alifungua msimbo wa programu-jalizi akaziona zile namba. Akaandika maelezo ya mistari miwili: kwa Tanzania kuna seti iliyo bora, naiweka. Mlezi wa programu-jalizi akaangalia, akaona ana haki, akaunganisha badiliko lile siku hiyohiyo. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Lakini kijana hakujua kwamba namba zilezile zimelala pia kwenye seva na kwenye simu, na mlezi alikwisha kusahau kwamba folda ile haikuanzia kwake.

Tofauti ya seti hizo mbili ardhini si kubwa. Kwenye mji wetu, matokeo ya seti ya wastani yanaangukia kama mita 5 kaskazini-mashariki mwa matokeo ya seti ya Tanzania. Kwenye skrini, ukiwa umeangalia kata nzima, huwezi kuiona. Miezi ikapita.

Masika

Ilipofika masika, chemba kadhaa za mtaro mmoja mkubwa zilikuwa zimefukiwa na tope na taka. Vijana walitumwa kuzizibua. Walishika ramani iliyochapishwa kutoka seva, na simu ikiwaonyesha sehemu ileile kwa kutumia mchoro wa zamani. Wakachoma ardhi kwa nondo karibu saa nzima wasikute mfuniko. Mhandisi alipofika na kompyuta yake, QGIS ikamwonyesha chemba upande wa pili wa ukuta. Wakahamia huko, nondo ikagonga zege mara ya tatu.

Mzee mmoja wa mtaa ule, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amesimama barazani kwake anawatazama. Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hii ramani?"

"Mimi na wenzangu, mzee."

"Basi mwanangu, chemba yenu hii mmeiweka sebuleni kwa mama wa mikate. Na ile pale mmeipandisha barazani kwangu. Zote mmezisukuma upande mmoja. Mmegeuza kwa namba gani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa akasema hizo ni za Kenya na Tanzania kwa pamoja, yeye alizoea nyingine. Nilirudi kwenye kompyuta bila kuelewa bado uzito wa alichoniambia, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshapata mshitakiwa: GPS ya simu.

Tulivyolitafuta kosa

Siku nzima ya kwanza tuliipoteza kwa dhana hiyo, na ilikuwa dhana yenye sura nzuri. Simu ya kawaida, mahali pa wazi, ina kosa la mita 5 hivi. Kosa letu lilikuwa mita 5 hivi. Kosa la kudumu lilijificha ndani ya kosa la kawaida kama mtu mrefu anayejificha kati ya warefu wenzake.

Kilichotuamsha ni lile neno la mzee, "upande mmoja." Kosa la GPS hutawanyika: leo kusini, dakika tano baadaye magharibi. Nilichukua chemba 12 ambazo mahali pake panajulikana kwa uhakika, nikalinganisha na ramani ya seva. Zote 12 zilikuwa zimehamia kaskazini-mashariki. Simu haiwezi kukosea mara 12 kuelekea upande uleule. Tena ramani ya seva haikuwa imeigusa GPS kabisa. Ilitokana na michoro tu.

Siku ya pili tukafungua folda tatu ubavu kwa ubavu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo gharama ya kunakili inapoonekana kwa macho. Tulipoilinganisha nakala ya seva na ya QGIS kwa kutumia git, programu ya kutunza na kulinganisha matoleo ya msimbo, mistari iliyotofautiana ilijaza skrini baada ya skrini. Mwenzangu alikuwa amepanga upya nafasi za mwanzo wa mistari, amebadilisha majina ya funksheni yalingane na mtindo wake, amehamisha maelezo kutoka juu ya mstari kwenda pembeni. Yote hayo hayabadilishi matokeo hata kidogo. Katikati ya mamia ya mistari iliyotofautiana bila maana ulikuwepo mmoja wenye maana, na macho yetu yaliupita mara mbili. Aliyeuona ni yule dada wa Java. Yeye hakuwa anasoma mistari. Alitoa koordineti ya bikoni (alama ya zege ya wapima ardhi) moja inayojulikana, akaipitisha kwenye kila programu, akaandika majibu matatu kwenye karatasi. Mbili zilikubaliana. Moja ilikataa. Na ile iliyokataa ndiyo iliyokuwa sahihi zaidi.

Jioni ile tukaziweka namba za Tanzania kwenye seva na kwenye simu, tukatoa matoleo mapya, ramani zikachapishwa upya. Tungeweza kuishia hapo. Dada akauliza, "Na mtu akizibadilisha tena mwakani, atatuambia nani?"

Njia tulizozipima

Kwanza tulifikiria kuunganisha programu zote tatu kwenye hazina moja ya msimbo. Badiliko moja lingegusa kila kitu, na majaribio yangekwenda pamoja. Tuliikataa kwa sababu ya watu. Aliyekuwa anasaidia programu ya simu hakutaka kushusha data ya seva yote kwa bando lake la intaneti ili kurekebisha kitufe kimoja, na walezi watatu walikuwa na mwendo tofauti wa kutoa matoleo.

Njia ya pili ilikuwa kuiacha folda ya pamoja kwenye hazina yake na kuiambatisha kwa kila mradi kupitia uwezo wa git wa kuingiza hazina ndani ya hazina. Tuliijaribu kwa wiki mbili. Wageni walishusha mradi wakakuta folda tupu, wakadhani umeharibika. Kwa kikundi cha wenyeji wa git njia hii inafaa. Kwa mradi unaotegemea wanafunzi wa chuo wanaokuja na kuondoka, ilikuwa mlango mzito.

Njia ya tatu ilikuwa kuacha kuandika hesabu hizi wenyewe na kutumia PROJ. Hii ni maktaba huria, yaani msimbo uliotayarishwa ili programu nyingine ziutumie, ya kugeuza koordineti, iliyoanzishwa na Gerald Evenden katika Idara ya Jiolojia ya Marekani, na leo iko ndani ya QGIS, PostGIS, GDAL na programu nyingine nyingi za ramani. Mtu atauliza kwa nini hatukuitumia tangu mwanzo. Nilikuwa na woga, na ulikuwa na chanzo. Toleo la 6 la PROJ lilipotoka Machi 2019 lilitangaza kwamba kiolesura cha zamani, yaani njia ambayo programu nyingine ziliitumia maktaba hiyo, kinaelekea kuondoka. Kwenye toleo la 8, Machi 2021, kikaondolewa kabisa. Programu nyingi zilizoitegemea zililazimika kuandikwa upya sehemu. Nilijiambia kwamba mistari yangu 40 haitanifanyia hivyo. Ni kweli haikunifanyia hivyo. Ilinifanyia lingine.

Tulichoamua, na kwa nini

Tulitengeneza maktaba ndogo ya Python yenye hazina yake na namba zake za matoleo. Hesabu zote za datumu tulizikabidhi kwa PROJ. Maktaba yetu ikabaki na kitu kimoja tu: uamuzi wa kwamba katika mji huu Arc 1960 inageuzwa kwa namba hizi. Uamuzi huo tuliuandika wazi badala ya kumwachia PROJ achague, kwa sababu tangu toleo la 6 PROJ hutafuta yenyewe njia inayofaa kati ya zilizomo kwenye hifadhidata yake kulingana na eneo, na hatukutaka kusasisha kompyuta moja kuje kusogeze chemba ya mtu.

Kwa simu tulikubali kwamba msimbo hautashirikiwa. Kuibeba PROJ ndani ya programu ya Android kunawezekana, lakini ilikuwa mzigo kwa simu za bei nafuu za vijana wetu na kwa mlezi aliye peke yake. Tulichoshiriki ni faili la data lenye zile namba tatu na jina la datumu, pamoja na faili la pili lenye nukta 40: koordineti za Arc 1960 upande mmoja, jibu linalotarajiwa la WGS 84 upande mwingine. Nyingine zilitoka kwenye bikoni tulizozipima wenyewe, tukiongozwa na yule mzee. Java inaendelea kufanya hesabu zake, lakini kabla ya kila toleo lazima izipite nukta zote 40 bila kutofautiana hata nusu mita.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora tuliofanya katika kisa chote, na ulitokana na kushindwa kufanya tulichokitaka. Tulitaka msimbo mmoja. Tulichohitaji ni jibu moja.

Programu-jalizi ilileta ugumu wake. Programu-jalizi zote za QGIS huendeshwa ndani ya Python moja, hivyo mbili zikihitaji matoleo tofauti ya maktaba ileile zinagongana. Kumwambia mhandisi asakinishe maktaba kwa mkono ndani ya QGIS ni kumpoteza. Ilibidi tuingize nakala ya maktaba yetu ndani ya programu-jalizi, chini ya jina lake la pekee. Nakala, tena? Ndiyo. Safari hii inanakiliwa na hati ya kompyuta wakati wa kutengeneza toleo, ikiwa na namba ya toleo juu yake, na ni marufuku kuigusa kwa mkono. Majaribio yanakataa ikiwa herufi moja imetofautiana na ile ya hazina mama.

Leseni, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria

Faili langu la kwanza lilikuwa chini ya GPL toleo la 3, leseni inayotaka kazi inayotokana na msimbo igawiwe kwa leseni hiyohiyo. Programu ya simu ilikuwa chini ya Apache 2.0, leseni isiyo na sharti hilo. Kuhamisha msimbo mstari kwa mstari kutoka lugha moja ya programu kwenda nyingine ni kutengeneza kazi inayotokana na ile ya kwanza, hivyo kwa miaka tulikuwa tunagawa programu ya simu kwa leseni isiyoruhusiwa na leseni yangu mwenyewe. Hakuna aliyeona, mimi nikiwa wa kwanza kutoona.

Kwa maktaba mpya tulichagua leseni ya MIT, kwa kuwa inaingia bila ugomvi kwenye miradi yote mitatu, pamoja na programu-jalizi, ambayo inafungwa na GPL ya QGIS. Ili kubadilisha leseni ilibidi kila aliyeandika mstari atoe ridhaa kwa maandishi. Tulikuwa saba. Sita walijibu. Wa saba hatukumpata, tukaiondoa sehemu yake na kuiandika upya bila kuitazama.

Yaliyofuata

Toleo la kwanza la maktaba lilipoingizwa kwenye seva, chemba zetu zote zilitokea Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. PROJ mpya hufuata mpangilio rasmi wa kila mfumo, na kwa WGS 84 hiyo ina maana latitudo kwanza, longitudo baadaye. Seva yangu ilikuwa imezoea kinyume. Nukta iliyo karibu na nyuzi 6.8 kusini na 39.2 mashariki ikawa nyuzi 39.2 kaskazini na 6.8 magharibi. Zile nukta 40 zililikamata kosa kabla halijafika kwa mtumiaji hata mmoja. Kurekebisha kulihitaji neno moja la kuilazimisha longitudo itangulie. Nilikaa nikaitazama ile ramani ya Hispania, nikakumbuka miezi ambayo kosa la mita 5 lilikaa nasi bila kupiga kelele.

Kosa letu kubwa lilikuja baadaye. Tulipoona maktaba inafanya kazi, tukapata tamaa. Programu zote tatu zilikuwa na sehemu ya kusawazisha majina ya mitaa: mtu ameandika kwa herufi ndogo, mwingine kwa kifupi, mwingine ameruka herufi. Tukasema hii nayo iingie kwenye maktaba. Tukaiingiza, na kwa simu kanuni zake zikahamishwa kwa Java.

Ikatugharimu. Seva inapokea data iliyokamilika, kwa hiyo inataka ukali: jina lisilotambulika likataliwe. Simu iko mkononi mwa kijana anayenyeshewa mvua, kwa hiyo inataka upole: mpe mapendekezo matatu achague. QGIS inasoma michoro ya zamani yenye majina ya mitaa ambayo imegawanywa tangu wakati huo, kwa hiyo inataka kumbukumbu: jina la zamani lisibadilishwe kimyakimya kuwa jipya. Tena kuna majina kama Sokoni na Kisiwani yanayojirudia katika kata tofauti. Tukaanza kuongeza swichi za kuchagua maktaba ifanye vipi. Swichi ya ukali, ya upole, ya majina ya zamani, ya kata. Kila mlezi akitoa kosa kwake anamletea kosa mwenzake. Ndani ya miezi mitatu tulitoa matoleo tisa ya maktaba, na manane kati ya hayo yalihusu majina ya mitaa. Programu ya simu iliacha kusasisha, ikabaki kwenye toleo la zamani kwa kuchoka.

Tukaiondoa. Kila programu ikarudishiwa usawazishaji wake, na kilichobaki cha pamoja ni orodha ya mitaa na kata yenyewe, kama faili la data. Maktaba ikarudi kuwa ndogo, na matoleo yakapungua mpaka tukapitisha msimu mzima bila kulazimika kutoa jipya.

Uchambuzi

Sehemu mbili za msimbo zilifanana kwa sura: kugeuza koordineti na kusawazisha majina. Zote zilikuwa zimenakiliwa mara tatu, zote zilikuwa na kichwa kilekile cha faili. Lakini koordineti zina jibu moja lililo nje yetu, ardhini, kwenye zege la bikoni. Programu mbili zikitofautiana, walau moja imekosea. Majina hayana jibu moja. Yana matumizi matatu. Programu mbili zikitofautiana hapo, huenda zote ziko sawa. Tulipaswa kujiuliza hilo kabla ya kuhamisha mstari wowote: zikitofautiana, ni kosa au ni haki? Tulitazama kufanana kwa msimbo badala ya kutazama kazi yake.

Upande wa kunakili, kisa chetu ni kidogo lakini ukoo wake ni mkubwa. Machi 2002 kasoro ya usalama iligunduliwa kwenye zlib, maktaba ya kubana data: sehemu ileile ya kumbukumbu iliweza kuachiliwa mara mbili. Toleo 1.1.4 lililoirekebisha lilitoka haraka. Programu zilizotumia zlib ya pamoja ya mfumo zilipona kwa kusasisha kitu kimoja. Shida ilikuwa kwa zile zilizobeba nakala yao tumboni, kiini cha Linux kikiwemo. Kila moja ilibidi itafutwe na kutibiwa peke yake. Kwa sababu kama hiyo sera ya Debian, mfumo huria wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, inawataka wanaotengeneza vifurushi wasitumie nakala za maktaba zilizofungashwa ndani ya programu iwapo maktaba yenyewe tayari ipo kwenye Debian. Nasi tulikuwa na tatizo lilelile, ila badala ya mdukuzi tulikuwa na mvua.

Lakini kisa hiki hakiniruhusu kusema nakala ni mbaya. Nakala ndani ya programu-jalizi bado ipo hadi leo na haijawahi kutusumbua. Inajulikana imetoka wapi na ni toleo gani, na mtu akiigusa majaribio yanapiga kelele. Nakala ya kwanza haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mwenzangu angeandika juu ya faili mstari mmoja tu unaosema limetoka kwenye seva, tarehe fulani, yule kijana mpima ardhi angejua pa kupeleka habari yake. Alikuwa mtu makini, angeipeleka.

Jambo ambalo hatukulifanya vizuri hata baada ya marekebisho yote ni ulezi. Maktaba ya pamoja ilikuwa ya watatu, na cha watatu kikawa hakina mtu. Maombi mawili ya mabadiliko yalikaa miezi minne, kila mmoja wetu akidhani mwenzake anayashughulikia. Mmoja wa waliotuma alikata tamaa akaacha kushiriki, nasi tulikuwa tunamhitaji. Tuliporekebisha, tulimpa dada wa Java ulezi wa maktaba, ingawa msimbo wake haumo ndani yake hata mstari mmoja. Tulimchagua kwa sababu yeye ndiye aliyezoea kuuliza majibu yanakubaliana au hayakubaliani, na kwa sababu mlezi asiyetumia maktaba kila siku haijazi mahitaji yake mwenyewe. Ombi la kwanza alilolikataa lilikuwa langu: nilitaka kuongeza usomaji wa faili za michoro iliyoskaniwa. Aliniuliza ni programu gani nyingine kati ya tatu inayohitaji. Hakuna. Ikabaki kwenye seva.

Nukta 40 sasa ni 63. Mzee aliendelea kututumia bikoni anazozikumbuka, moja moja, kwa kumpigia simu kijana mpima ardhi, ambaye huenda kuipima Jumamosi na kuiongeza kwenye faili kabla Jumatatu haijafika.